Kipimo cha amani ni msiba, siyo picha ya viongozi wakishikana mikono

Mkulima wa Mpakani:

Wakuu salaam, mbukwa zenu.

Hii mada nimekaa nayo muda, leo niimwage tu. Kila tukisikia neno maridhiano kichwani inakuja picha ya ukumbi, maji ya chupa mezani, bango nyuma, wakubwa wamekamatana mikono na kamera zinapiga. Posho inagawiwa, watu wanapanda magari. Halafu unarudi kijijini yule uliyepatanishwa naye akikuona anahama upande wa barabara. Sasa hapo mmepatana nini?

Mie ni Mgogo wa mpakani, Kongwa ya Dodoma na Kiteto ya Manyara, ukitoka Kibaigwa unapandisha kaskazini. Wanaolijua eneo wanajua naongelea nini. Mwanzoni mwa 2014 watu waliuawa Kiteto kwenye ule mgogoro wa wakulima na wafugaji, lile eneo la Emborley Murtangos, na wakulima wengi waliokuwa wanalima kule ni ndugu zetu wa Kongwa. Ukigeukia upande wa Kilosa, Desemba 2000 pale Rudewa Mbuyuni waliuawa watu 38. Kwa hiyo mtu akiniambia Tanzania ni kisiwa cha amani namwitikia tu, ila sisi wa huku tunajua makaburi yako wapi.

Sasa swali langu ni hili, baada ya yale mambo nini kilirudi kwanza? Siyo mkutano wa hadhara, mikutano ilikuwepo mingi na kila mtu aliongea anachotakiwa kuongea. Kwetu kilichorudi kwanza ni maziwa.

Kuna bibi mmoja wa Kimasai alikuwa anapitisha maziwa kwenye nyumba za wakulima toka zamani, anabeba kidumu mgongoni, anauza kwa mkopo. Hajui kuandika, kwa hiyo kila nyumba alikuwa anachora mistari ya mkaa ukutani pembeni ya mlango wa jiko, mstari mmoja lita moja, na mama mwenye nyumba naye anaiona kwa hiyo hakuna kudhulumiana. Mavuno yakifika analipwa kwa mahindi. Wakati hali imechafuka alipotea kabisa. Ile mistari ikabaki ukutani, na wamama hawakuifuta jamani, wangeweza kupaka udongo juu yakaisha, nani angewadai? Siku alipotokea tena hakuna aliyemuuliza wanao walikuwa wapi usiku ule, na yeye hakuuliza wa kwenu walikuwa wapi. Alihesabu mistari yake, akapimiwa mahindi yake, kesho yake akaja na maziwa. Baada ya hapo ndo wanaume wakaanza kusalimiana kisimani, sopa kidogo mbukwa kidogo, bila kuangaliana usoni.

Mtasema huo ni unafiki. Ndiyo, ni unafiki, na mie naona una faida kubwa sana. Pale Kibaigwa sokoni ukisimama msimu wa mahindi utaona Fuso zinashusha mzigo wa Kiteto, dalali Mgogo, mwenye mzigo Mmasai (siku hizi nao wanalima, msishangae), kuli Mkaguru, mnunuzi katoka Dar au ni Mkenya, na bambo likichomwa kwenye gunia wote wanainamia kiganja kimoja kuangalia kama punje zimekauka. Hakuna anayefungua mjadala wa nani alichoma nyumba ya nani. Kila mtu anajua. Ila wakikaa kimya wote mzigo unashuka, na kesho wanahitajiana tena.

Hili halijaanza kwetu. Wajir huko Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zilikuwa zinauana vibaya, na waliolianzisha suluhisho ni wanawake wa sokoni, kina Dekha Ibrahim Abdi. Jambo la mwanzo walilolishikia bango ni kwamba mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kubaguliwa, na mtu akileta ubaguzi wanakaa wanalimaliza siku hiyohiyo. Wazee, vijana na serikali wakafuata nyuma yao. Mwaka 2007 yule mama alipewa tuzo ya Right Livelihood. Hata Bosnia vita ilipoisha 1995, karibu na mji wa Brčko liliota soko linaitwa Arizona, Mserbia, Mkroati na Mbosnia Mwislamu wanauziana nguo na sigara wakati wanasiasa wao bado hawaongei vizuri.

Ila biashara ni hatua ya mwanzo tu, kununua kwa mtu unaweza kununua huku unamchukia. Ndo maana nasema kipimo ni msiba. Angalieni vizuri msibani. Kuna anayesikia umefiwa anakaa kimya kama hajasikia. Kuna anayetuma rambirambi kwa simu halafu basi. Kuna anayefika, anasimama pembeni na fimbo yake, anatoa pole kwa mzee mmoja anaondoka kabla sufuria halijaepuliwa. Kuna anayekaa akala. Na kuna anayeshika sepetu makaburini. Kutoka kwenye kukaa kimya mpaka kwenye sepetu ni safari ndefu, na mkuu wa wilaya hawezi kuitolea amri. Mie nikitaka kujua kijiji kimepoa naangalia nani anachimba kaburi la nani. Hizo taarifa za "hali ni shwari" sihangaiki nazo.

Karibuni, matusi hapana.

---

Mtani wa Tabora:

Leo Mgogo kaongea kitu cha maana, tarehe iandikwe. Babu zetu walipita kwenu na misafara kwenda pwani, mnakaa kwenye visima mnawatoza hongo hata ya maji ya kunywa, leo mnatufundisha amani? Rudisheni kwanza hongo zetu na riba.

Mkulima wa Mpakani:

Mtani, mlikuwa mnapita na pembe za ndovu mnataka maji ya bure kwenye nchi kame, nani kawaambia Ugogoni kuna mto? Deni lako njoo ulichukulie Msalato siku ya mnada, nitakulipa kwa mlenda.

Ila umenikumbusha jambo. Utani wenyewe si ndo hayohayo ninayosema? Wangoni na Wahehe walipigana vita mbaya kati ya 1878 na 1882, watu waliisha, leo Mngoni akifiwa Mhehe anaingia msibani anafanya vituko, anazuia jeneza, anadai hela ndo aruhusu mzike, na hakuna anayekasirika. Mtu ambaye babu yake alimuua babu yako leo ndo mwenye ruhusa ya kukuchekesha siku unayolia. Waliokaa kupanga huo utaratibu hawakuwa na semina wala kamati.

Mtani wa Tabora:

Mlenda tena. Basi deni nimesamehe.

---

Mpemba wa Area D:

Mie mtu wa Pemba nipo Dodoma kikazi, nimesoma uzi wako mwanzo mwisho na kuhusu msiba umesema kweli tupu, kwetu tumeliona kwa macho. Siasa za CUF na CCM zilipopamba moto, na hasa baada ya Januari 2001 watu walipopigwa risasi, ilifika pahala mtu haendi kuzika jirani yake kwa sababu ya chama. Duka la fulani halinunuliwi, gari ya fulani haipandwi, barza mbalimbali, hata kahawa mbalimbali. Ndoa zimevunjika, mtoto wa mtu kaachwa na watoto wake kwa sababu mkwe yuko chama chengine. Na sisi sote Waislamu, lugha moja, wengine damu moja.

Ila hapa nakupinga kidogo. Unasema picha za viongozi hazina maana. Kwetu zilikuwa na maana. Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF walipokutana tarehe 5 Novemba 2009 sisi wa chini ndo tulipata ruhusa ya kusalimiana. Usicheke, nasema ruhusa. Kabla ya hapo ukionekana unaongea na mtu wa upande ule wenzako wanakuuliza umenunuliwa kwa bei gani. Baada ya wale wawili kukaa pamoja, na kura ya maoni ya Julai 2010 ya kuunda serikali ya umoja ikapita kwa asilimia 66 na kitu, watu wakaanza kuzikana tena. Nimemuona mzee kaenda kumuosha maiti mwenzake ambaye walikuwa hawajasemeshana miaka.

Halafu 2015 uchaguzi ukafutwa. Yale mambo ya duka na kahawa yakarudi upesi kuliko yalivyoondoka. Kwa hivyo juu wakiharibu, huku chini hampati usingizi, mumesalimiana au hamujasalimiana.

Mkulima wa Mpakani:

Sheikh hilo la ruhusa sikuwa nimelifikiria hivyo, na nakubali. Hata huku kijana akionekana anakunywa chai na Mmasai wakati joto lipo juu anaitwa msaliti, kwa hiyo mtu mkubwa akianza kunywa hiyo chai wadogo wanapata pa kujificha. Ninachokataa ni kuishia pale kwenye picha na kuhesabu kazi imekwisha. Ila wewe mwenyewe umesema yule mzee alienda kuosha maiti, hakutumwa na Karume.

---

Hoja Nzito:

Naomba niharibu hali ya hewa. Nyie mnasifia kunywa maziwa pamoja na kuzikana. Rwanda kabla ya 1994 walikuwa hawazikani? Walioana, walibatizia watoto, walikunywa pombe chungu kimoja, na ndani ya siku 100 jirani alimuua jirani. Waliouawa wengi waliuawa na watu waliokuwa wanajua majina ya watoto wao. Sasa hiyo amani ya chai na maziwa ilizuia nini?

Na baada ya pale haikutosha mtu kukaa kimya na kuhesabu mistari ya mkaa. Ilibidi mahakama. Kule Arusha ile mahakama ya kimataifa ilishtaki watu 93 tu, kuanzia 1994 ilipoundwa mpaka inafungwa mwisho wa 2015. Wengine wote ikabidi gacaca, watu wanakaa kwenye nyasi kijijini, muuaji anasimama mbele ya mjane anasema nilimtupa pale, kesi karibu milioni mbili mpaka zilipofungwa 2012. Ukimya wako unazika ukweli.

Mkulima wa Mpakani:

Hii hoja ni nzito kama jina lako. Nijibu nilivyoelewa.

Kwanza ujirani hauzuii serikali iliyoamua kuua. Kule kulikuwa na vitambulisho vimeandikwa kabila toka enzi za Wabelgiji, kulikuwa na redio inataja watu na mahali walipojificha, kulikuwa na vijana wamefunzwa na mapanga yameagizwa. Salamu ya asubuhi haiwezi kushindana na hayo, na sijasema inaweza. Ninachosema ni kwamba baada ya mauaji hakuna njia nyingine ya kuishi isipokuwa hizihizi ndogondogo. Waliotoka kukiri gacaca walirudi kilima kilekile, wakachota maji bomba lilelile, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi wakatokea umuganda, ile kazi ya kijamii ya wote, wanazibua mtaro pamoja. Hukumu ilitolewa siku moja, lakini kuishi na yule mtu ni kila siku.

Pili kuhusu ukweli, hapo sibishi sana. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wana kitu kinaitwa mato oput, pande mbili zinakunywa maji machungu ya mizizi ya mti wa oput, watu wa nje wanapenda kukipiga picha hicho. Ila huruhusiwi kufika kwenye kunywa mpaka upande ulioua umekiri na fidia imekubaliwa na kulipwa. Kwa hiyo hata wao ukimya una mwisho. Ila haukatishwi siku ya kwanza damu ikiwa mbichi.

---

Mama Wawili Chamwino:

Mimi nasoma tu nyie wanaume mnavyojadili. Kaka yangu ni mmoja wa waliokufa kwenye hizi vurugu za mashamba, sitasema wapi. Mwili tuliupata umeharibika.

Nataka niseme kitu kimoja. Tumeitwa kwenye vikao, tumeombewa, mtu mzima kaniambia mbele za watu "samehe mama, Mungu anaona". Mbona hao walioua hawakuitwa mbele wakaambiwa chochote? Kila mara anayeombwa kitu ni mimi niliyefiwa. Nikinyamaza naonekana nina roho mbaya nazuia maendeleo ya kijiji.

Mimi siku za mnada naenda. Mbuzi nanunua kwao, bei tunaelewana, namwambia asante. Mtoto wao mmoja anasoma darasa moja na wangu, akija nyumbani nampa uji kama wengine. Hicho ndicho ninachoweza. Msinidai kingine.

Mkulima wa Mpakani:

Dada yangu pole sana. Hapa hakuna wa kukudai. Uji ule kwa mtoto wao ni mkubwa kuliko hotuba zote tulizosikilizishwa, na usipouita msamaha ni haki yako.

Wakili wa Makole:

Kuongezea kwa mama hapo. Afrika Kusini Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Askofu Tutu ilipoanza 1996 familia ya Steve Biko, yule mpinga ubaguzi aliyefia mikononi mwa polisi, pamoja na wengine walikwenda Mahakama ya Katiba kupinga wauaji kupewa msamaha wa kisheria kwa kukiri tu. Walishindwa kesi, lakini mpaka leo hakuna mwenye akili anayesema familia ile ilikuwa na roho mbaya. Kudai haki na kumpa mtoto uji vinakaa nyumba moja bila shida.

Na niwarudishe kwenye ardhi maana mnaogelea mbali. Chanzo cha huku kwetu ni mpaka. Mtasalimiana mpaka kieleweke lakini kama njia ya mifugo haijulikani na shamba limelimwa mpaka kwenye lambo, msimu ujao mnarudi kulekule. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka kila kijiji kiwe na baraza la ardhi la watu saba, watatu kati yao wanawake, kazi yake ni kusuluhisha. Nendeni vijijini muulize hao saba ni kina nani, vijiji vingine hata mwenyekiti anakuna kichwa. Na toka mabadiliko ya 2021 baraza la kata nalo kwenye ardhi kazi yake ni usuluhishi tu, haliamui tena. Maana yake sheria yenyewe imewarudisha mkae mzungumze. Mkizungumza na watu ambao hamzikani mtasuluhisha nini? Kwa hiyo mleta uzi naungana naye, ila mpango wa matumizi ya ardhi uje kabla ya mlenda.

Mkulima wa Mpakani:

Wakili hapo kwenye mpaka nimekuelewa. Naongeza na mabua. Zamani mkulima akishavuna anamruhusu mfugaji aingize ng'ombe wale mabua, shamba linabaki na samadi, kila mtu kapata. Siku hizi mabua yanauzwa, heka moja bei hii, na mfugaji asiye na hela anaingiza usiku. Nusu ya kesi za msimu wa kiangazi zinaanzia hapo. Bei sioni kama ni mbaya, ila mpange mapema kabla ya mavuno, mbele ya mashahidi wa pande zote.

---

Kijana wa Mlali:

Wakuu naombeni ushauri wa haraka, nimefuatilia uzi huu toka jana. Jirani yangu mfugaji kafiwa na mama yake usiku wa kuamkia leo. Mimi na yeye tuna kesi barazani, ng'ombe wake walikula alizeti yangu yote ya upande wa chini, tathmini imeshafanyika, Alhamisi tunakutana tena. Mke wangu anasema niende, kaka yangu anasema nikienda nitaonekana nimelegea watanipunguzia fidia. Niende au nisiende?

Mama Wawili Chamwino:

Nenda. Fidia yako iko kwenye karatasi, haipungui kwa kutoa pole.

Hoja Nzito:

Nenda ila usiende peke yako, mchukue mzee mmoja wa kwenu. Na usiguse habari ya kesi hata wao wakiianza.

Mpemba wa Area D:

Nenda na ukae. Usisimame mlangoni kama mdai.

Wakili wa Makole:

Nenda. Kisheria haina athari yoyote. Usisaini kitu tu huko msibani.

Mtani wa Tabora:

Mgogo anaulizia ruhusa ya kwenda sehemu yenye nyama ya bure, dunia imeisha.

Kijana wa Mlali:

Haya nimerudi. Nimeenda na baba mdogo. Tulipofika watu walinyamaza kidogo, yule bwana akainuka akanipa mkono, akasema asante kuja. Mchungaji akafanya ibada, tukazika. Sepetu ilifika kwangu nikatupia udongo kidogo nikapokezana na kijana wao, ndo haohao wanaochunga wale ng'ombe, tulikuwa hatujaongea toka siku ya alizeti. Chai tumekunywa. Kesi hakuna aliyeitaja.

Alhamisi iko palepale, fidia yangu naitaka yote.

Wakili wa Makole:

Safi. Nenda na ile nakala ya tathmini, usiiache nyumbani.

Mtani wa Tabora:

Rambirambi ulitoa au ulienda kunywa chai tu?

Kijana wa Mlali:

Nilitoa elfu tano na debe la mahindi mtani, uliza baba mdogo.

Mtani wa Tabora:

Debe la kupimwa au lile lenu la Kibaigwa lenye kitako kimebonyezwa?